Saketi ya Kurusha ya Kitambua Metali cha Mapigo: Kutoka Dalili Hadi Chanzo

Kitambua metali kinapopoteza kina, kinapolia ovyo au kinaposhindwa kuona vipande vidogo, mafundi wengi huanza kupekua upande wa kupokea: hubadilisha amplifaya, huongeza vichujio na kuhangaika na mipangilio ya sauti. Katika vitambua metali vya mapigo, hata hivyo, matatizo mengi ya namna hiyo huzaliwa upande wa kurusha, na hakuna amplifaya inayoweza kurudisha kile ambacho transmita haikukitoa. Mwongozo huu unaanza na dalili anayoiona fundi na kurudi nyuma hadi kwenye chanzo chake. Unahusu saketi za mapigo pekee, kwa kuwa zile zinazorusha wimbi lisilokatika zina tabia tofauti na vipimo vyake ni vingine.

Katika saketi ya mapigo, mosfeti (swichi ya kielektroniki) hufungua njia na mkondo hupanda ndani ya koili kwa muda mfupi, mara nyingi mikrosekunde 50 hadi 250, kisha mosfeti huukata mkondo huo ghafla. Uga wa sumaku unapoanguka, huamsha mikondo inayozunguka ndani ya metali iliyo karibu, na mikondo hiyo huendelea kufifia kwa muda hata baada ya koili kunyamaza. Kipokezi husikiliza mfifio huo. Ubora wa transmita kwa hiyo hutegemea zaidi jinsi inavyozima kuliko jinsi inavyowasha, na jambo hili ndilo linalosahaulika kila mtu anapotaka kuongeza nguvu. Kwa kitu kidogo kilicho mbali na koili, ishara hupungua kwa kipeo cha sita cha umbali. Ukiuzidisha mkondo mara mbili, nishati inayohifadhiwa katika koili huongezeka mara nne, lakini umbali wa kugundua huongezeka kwa asilimia 12 hivi tu. Anayepunguza mikrosekunde chache katika kuzima anaweza kuona vipande ambavyo anayeongeza ampea hataviona kamwe.

Ili tarakimu zieleweke, nitatumia saketi moja ya mfano kuanzia mwanzo hadi mwisho. Koili ina indaktansi, yaani tabia ya kupinga mabadiliko ya mkondo, ya mikrohenri 300. Ukinzani wa njia nzima ni omu 2, yaani omu 1.2 za koili, 0.5 za mosfeti na 0.3 za nyaya na viunganishi. Betri ni ya 12 V. Mosfeti ni IRF740, inayostahimili 400 V. Pigo moja hudumu mikrosekunde 100, na kuna mapigo 500 kwa sekunde. Mkondo katika saketi hii huanza kupanda kwa miliampea 40 kila mikrosekunde, kisha kasi hiyo hupungua polepole, hata pigo linapokwisha mkondo umefika ampea 2.9 hivi. Betri yenyewe hutoa wastani wa miliampea 81 tu, na ndiyo maana multimita iliyowekwa kwenye waya wa betri haiwezi kukueleza lolote kuhusu kilele cha mkondo.

Vipimo vya kuanzia

Kabla ya kubadilisha kifaa chochote, upime mkondo wa koili. Njia rahisi ni kuweka rezista ya omu 0.1 kati ya mguu wa sosi (S) wa mosfeti na graundi, kisha kutazama volteji yake kwa osiloskopu: kilele cha ampea 2.9 kitaonekana kama 0.29 V. Umbo lenyewe lina mengi ya kueleza. Mstari unaopanda kwa mpindo laini na kukatika wima ni wa saketi yenye afya. Mstari unaopanda kwa kasi kupita kiasi tangu mwanzo unaonyesha kwamba indaktansi imepungua, na unaopinda mapema na kulala unaonyesha ukinzani mkubwa mahali fulani. Ukiwa na mteremko badala ya ukingo wima mwishoni, geti, yaani mguu unaoiwasha na kuizima mosfeti, linachelewa kuzimwa.

Mguu wa dreni (D), ule wa mosfeti unaounganishwa na koili, ni mahali pa hatari. Mkondo unapokatwa, volteji hapo hupanda hadi kikomo cha mosfeti, ambacho kwa IRF740 ni 400 V au zaidi kidogo, na probu nyingi za mara 10, yaani zinazogawanya volteji kwa 10, hazikuundwa kwa volteji hiyo. Tumia probu ya mara 100 inayostahimili angalau 1000 V, na usishike koili wala rezista zilizo sambamba nayo saketi ikiwa imewashwa. Kumbuka pia kwamba probu ya mara 10 huongeza pikofaradi 15 hivi kwenye saketi, kwa hiyo umbo unalolitazama limekwisha kubadilika kidogo kwa sababu unalitazama. Ili kuona mkia wa ishara, yaani kinachobaki kwenye koili baada ya mkondo kukatwa, ni salama na sahihi zaidi kupima baada ya dayodi za kinga zilizo kwenye mlango wa amplifaya.

Hakuna pigo kabisa

Dalili hii ni rahisi kuliko zote. Tazama geti (G) kwa osiloskopu. Ikiwa hakuna ishara, tatizo liko kwenye kitengeneza mapigo, yaani saketi ya 555 (aisii ya kupimia muda), mikrokontrola, au umeme unaovilisha. Ikiwa ishara ipo getini lakini koili haina mkondo, chomoa koili na upime ukinzani wake, kwa kuwa waya uliokatika ndani ya kebo karibu na konekta ni ugonjwa wa kawaida. Kisha pima mosfeti kwa sehemu ya dayodi ya multimita, betri ikiwa imeondolewa: kati ya dreni na sosi unatakiwa kuona dayodi ya ndani upande mmoja na kutoona kitu upande wa pili. Ukisoma karibu sifuri pande zote mbili, mosfeti imepiga shoti. Katika saketi zinazotumia mosfeti ya chaneli P, kwa mfano IRF9640, mambo yamepinduliwa: geti huvutwa chini ili kuwasha, na volteji ya koili inapokatwa huruka upande wa hasi.

Mosfeti inachemka au inaungua

Ni vyema kwanza kujua joto la kawaida. Katika saketi ya mfano, joto linalotokana na mkondo kupita kwenye mosfeti halifiki wati 0.1, kwa sababu mosfeti huwa wazi kwa asilimia 5 tu ya muda. Joto kubwa hutoka kwenye kuzima. Kila pigo huacha milijuli 1.28 ndani ya koili, na nishati hiyo lazima iishie mahali. Volteji inapofika 400 V, mosfeti hulazimika kupitisha mkondo ikiwa kwenye kikomo chake, hali ambayo mafundi huiita avalanchi. Ikiwa rezista ya kutuliza, ile inayozuia koili kutetemeka na iliyo sambamba nayo, ni omu 500, yenyewe huchukua ampea 0.8 katika volteji hiyo, na mosfeti hubeba ampea zilizobaki mpaka mkondo ushuke. Ukipiga hesabu, utakuta nishati imegawanyika karibu nusu kwa nusu: mosfeti hupokea wati 0.34 na rezista wati 0.3. Mosfeti yenye umbo la TO-220 bila bati la kupoozea itapanda digrii 25 hivi juu ya joto la hewa, yaani itakuwa vuguvugu. Ikikuunguza kidole, kuna kasoro.

Chanzo cha kwanza cha kuchunguza ni volteji ya geti. IRF740 huanza kufunguka geti likiwa kati ya volti 2 na 4, lakini ukinzani wake wa omu 0.55 umeahidiwa geti likiwa na volti 10. Anayeliunganisha geti moja kwa moja na mguu wa mikrokontrola wa volti 5 anaacha mosfeti ikiwa nusu wazi, na kwa kuwa mosfeti za aina moja hutofautiana, saketi inaweza kufanya kazi vizuri kwa kipande kimoja na kushindwa kabisa kwa kingine. Hili huwachanganya mafundi wengi, ambao hudhani wameuziwa mosfeti bandia. Dawa ni aisii ya kuendesha geti, kama TC4427, inayolishwa na betri ya 12 V. Usivuke volti 20 kati ya geti na sosi, na dayodi ya zena ya 15 V mahali hapo ni kinga ya gharama ndogo.

Chanzo cha pili ni kuzima taratibu. Geti la IRF740 hubeba chaji ya hadi nanokulombu 63. Aisii inayoweza kuvuta ampea moja huitoa chaji hiyo ndani ya muda usiofika theluthi ya mikrosekunde hata ukihesabu rezista iliyo njiani, lakini rezista ya omu 1000 iliyowekwa kati ya kitengeneza mapigo na geti huchelewesha uzimaji kwa mikrosekunde kadhaa. Katika muda huo mosfeti imebeba volteji kubwa na mkondo mkubwa kwa pamoja, na joto linalotoka hapo ni la bure. Rezista ya geti ya omu 10 hadi 47 inatosha kuzuia mtetemo bila kuchelewesha.

Chanzo cha tatu ni pigo linalogoma kuisha. Mikrokontrola ikikwama huku mguu wake ukiwa juu, mkondo wa koili hupanda hadi ampea 6, na wati 72 huanza kuchoma koili, mosfeti na betri kwa pamoja. Weka rezista ya omu 10,000 kati ya geti na graundi ili mosfeti ibaki imefungwa wakati mikrokontrola inaamka, na fyuzi ya polepole ya miliampea 500 kati ya betri na kapasita kubwa ya transmita, ile inayohifadhi chaji ya mapigo. Fyuzi ya haraka haifai, kwa kuwa itakatika kila unapowasha, kapasita inapojaa kwa mara ya kwanza.

Ikiwa vyote hivyo viko sawa na mosfeti bado inaungua, shuku koili. Mizunguko miwili iliyogusana ndani ya koili haibadilishi sana ukinzani unaosomwa na multimita, ila huangusha indaktansi kwa kiasi kikubwa, na ndipo ule mstari wa mkondo unaopanda kwa kasi kupita kiasi unapoonekana.

Mapigo yapo, lakini kina ni kidogo

Hapa wengi hukimbilia kubadilisha nyaya kwa zilizo nene zaidi. Hesabu inaonyesha kwamba faida yake ni ndogo kuliko inavyodhaniwa. Ukiongeza omu nzima kwenye njia ya mkondo katika saketi yetu, kutoka omu 2 hadi omu 3, kilele kinashuka kutoka ampea 2.9 hadi 2.5 tu, kwa sababu katika pigo fupi mkondo unatawaliwa zaidi na volteji na indaktansi kuliko ukinzani. Kwa hiyo, konekta yenye kutu inayoongeza nusu omu si sababu ya kutosha ya kupoteza nusu ya kina. Ikiwa kilele kimeshuka hadi ampea moja, tafuta kosa kubwa zaidi: geti lisilopata volteji ya kutosha, betri iliyochoka, au kapasita kubwa iliyokauka.

Kapasita hiyo inastahili kuangaliwa kwa makini. Kila pigo huvuta mikrokulombu 162, ambazo kutoka kwenye kapasita ya mikrofaradi 1000 hushusha volteji kwa 0.16 V tu. Kapasita ikizeeka, ukinzani wake wa ndani hupanda, na kapasitansi yake, yaani uwezo wa kuhifadhi chaji, hupungua. Weka osiloskopu moja kwa moja kwenye miguu ya kapasita na utazame jinsi volteji inavyoshuka wakati wa pigo. Ikishuka kwa volti 2 au 3, ibadilishe kwa yenye ukinzani mdogo wa ndani, na uiweke karibu kabisa na koili na mosfeti, kwa kuwa sentimita 20 za waya mwembamba kati yao huondoa sehemu ya faida hiyo.

Betri ya seli 3 za lithiamu huanza na 12.6 V na kushuka polepole hadi karibu 9 V, na mkondo wa koili hushuka nayo takriban kwa uwiano uleule. Kina hakitapungua sana kwa sababu ya ile kanuni ya kipeo cha sita, ila mipangilio yote ya kipokezi itahama taratibu. Kuipa transmita volteji iliyodhibitiwa, kwa mfano 9 V zisizobadilika, huleta utulivu unaozidi kwa mbali thamani ya volti zinazopotea.

Kina kidogo kwa vitu vikubwa pekee, huku vidogo vikionekana vizuri, ni dalili tofauti. Metali kubwa yenye kupitisha umeme vizuri ina mfifio mrefu, na mkondo wa koili ukiwa bado unapanda kwa kasi wakati unapokatwa, mikondo iliyoamshwa wakati wa kupanda hupingana na ile inayoamshwa wakati wa kukata. Dawa yake ni pigo refu zaidi, ili mkondo ukaribie kulala kabla ya kukatwa, huku mapigo kwa sekunde yakipunguzwa ili betri na mosfeti visizidiwe.

Mkia mrefu au mtetemo baada ya mkondo kukatwa

Hiki ndicho kiini cha transmita, na hapa ndipo muda wa fundi unapolipa. Dalili ni hizi: kitambua metali kinaona sarafu na mabati lakini hakioni punje ndogo za dhahabu wala vipande vya waya mwembamba, au kipokezi hakiwezi kuanza kusikiliza kabla ya mikrosekunde 20 au 25 bila kujaa kelele. Punje ndogo hufifia ndani ya mikrosekunde chache, kwa hiyo koili ikiwa bado inatetemeka wakati huo, ishara yake imekwisha kupotea kabla hujaanza kusikiliza.

Koili si indaktansi tupu. Mizunguko yake ina kapasitansi baina yao, kebo ina yake, na mosfeti pia ina yake. Tuseme jumla ya koili na kebo, ukiiacha kwanza ile ya mosfeti, ni pikofaradi 300. Koili na kapasitansi hiyo ni saketi inayotaka kutetemeka, kwa masafa ya kilohezi 530 hivi, na rezista ya kutuliza ndiyo inayouzuia mtetemo huo. Thamani inayofaa hupatikana kwa kugawanya indaktansi kwa kapasitansi, kutafuta kipeuo cha pili cha jibu, kisha kuchukua nusu yake. Kwa mikrohenri 300 na pikofaradi 300 jibu ni omu 500 kamili.

Tofauti kati ya thamani nzuri na mbaya ni kubwa. Kwa omu 500, ishara inaweza kushuka kutoka 400 V hadi milivolti moja kwa takriban mikrosekunde 5 baada ya avalanchi kwisha. Kwa omu 150, hakuna mtetemo wowote unaoonekana, na fundi anaweza kuridhika kwa kuona mstari laini, lakini safari hiyohiyo itachukua mikrosekunde 25. Rezista kubwa mno, kwa mfano omu 2,000, huacha mtetemo unaovuka sifuri mara nyingi. Kosa la rezista ndogo mno ndilo linalodumu kwa muda mrefu, kwa sababu halijitangazi.

Ukitaka kuipata kwa vitendo, weka osiloskopu kwenye mlango wa kutokea wa amplifaya ya kwanza, koili ikiwa mbali na metali yoyote, na upime muda ambao amplifaya inachukua kutoka kwenye kikomo chake hadi kurudi kwenye sifuri. Anza na rezista kubwa, ambayo inaonyesha mtetemo wazi, kisha ipunguze kidogo kidogo. Mtetemo utapungua mpaka ubaki mruko mmoja mdogo chini ya sifuri, kisha mruko huo utatoweka, na hapo muda wa kurudi utakuwa mfupi kuliko wote. Ukiendelea kupunguza, muda utaanza kurefuka tena. Simama mara tu mruko unapotoweka. Rezista ya kugeuza kwa bisibisi haistahimili 400 V, kwa hiyo usiiweke peke yake. Iweke ya omu 100 kwa mfuatano na rezista imara ya omu 430 au zaidi, nayo itabeba sehemu ndogo tu ya volteji.

Rezista yenyewe isiwe ya waya uliozungushwa, kwa kuwa nayo ina indaktansi. Rezista ndogo za robo wati mara nyingi hustahimili 250 V tu, hata kama joto si tatizo, kwa hiyo ni afadhali kuunganisha mbili au tatu za nusu wati kwa mfuatano. Zingatia pia kwamba kuna rezista nyingine inayoshiriki kutuliza bila kutajwa: ile inayopeleka ishara kutoka koili hadi dayodi za kinga za amplifaya, mara nyingi omu 1,000. Dayodi zinapopitisha, rezista hiyo iko sambamba na koili. Ikiwa jumla inayotakiwa ni omu 500, rezista ya kutuliza inapaswa kuwa omu 1,000 pia. Ishara ikishuka chini ya nusu volti hivi, dayodi hujifunga na rezista hiyo hujitoa. Ndiyo maana saketi nyingine hutulia vizuri mwanzoni kisha huonyesha mtikisiko mdogo mwishoni, na thamani ya mwisho inabidi iamuliwe kwa macho kwenye osiloskopu kuliko kwa hesabu.

Baada ya rezista, punguza kapasitansi. Hii ndiyo njia ya kweli ya kuongeza kasi, kwa kuwa kapasitansi ndogo huruhusu rezista kubwa na mfifio wa haraka. Mosfeti ni mtuhumiwa wa kwanza. Karatasi ya vipimo ya IRF740 inataja kapasitansi ya kutokea ya pikofaradi 330 kwa volti 25, nayo huongezeka volteji inaposhuka. Bila kinga yoyote, kiasi hicho hujumlika na cha koili na kebo, jumla huvuka pikofaradi 600, na rezista inayofaa hushuka hadi omu 345 hivi. Dayodi ya haraka iliyowekwa kwa mfuatano kati ya koili na dreni huondoa mzigo huu: volteji ya koili inapoanza kushuka kutoka kileleni, dayodi hujifunga, na kapasitansi ya mosfeti hubaki upande wa pili ikiwa na chaji yake. UF4007, inayostahimili 1000 V na kujifunga ndani ya nanosekunde 75 hivi, inafaa kwa mapigo mafupi ya ampea chache. 1N4007 haifai, ingawa volteji yake ni ileile, kwa kuwa hujifunga polepole mno. Gharama ya badiliko hili ni takriban volti moja inayopotea kwenye dayodi, na tahadhari moja: dreni sasa hubaki na volteji kubwa hata baada ya koili kunyamaza, kwa hiyo usiishike ukidhani imetulia.

Kebo ndiyo inayofuata. Kebo ya koaksi ya aina ya RG58 ina takriban pikofaradi 100 kwa kila mita, na mita moja na nusu peke yake ni nusu ya kapasitansi yote ya mfano wetu. Kebo fupi, au yenye tabaka nene la plastiki ndani, ni faida ya moja kwa moja. Koili nayo iwe ya waya wenye ganda nene, si waya wa kupakwa rangi uliobanwa pamoja, kwa kuwa kila sehemu ya milimita inayotenganisha mizunguko hupunguza kapasitansi baina yake.

Mwisho katika sehemu hii ni volteji ya mosfeti. Muda wa mkondo kushuka hupatikana kwa kuzidisha indaktansi kwa mkondo na kugawanya kwa volteji ya kikomo. Kwa 400 V ni mikrosekunde 2.2, kwa IRF840 ya 500 V ni 1.75, kwa IRF9640 ya 200 V ni 4.4. Faida ya kutoka 400 hadi 500 ni ndogo, na IRF840 ina ukinzani mkubwa zaidi wa omu 0.85, kwa hiyo sioni sababu ya kuibadilisha IRF740 nzima kwa ajili hiyo. Kutoka 200 hadi 400 ni jambo jingine, na mwenye saketi ya zamani yenye mosfeti ya 200 V atauona mabadiliko hayo mara moja.

Kifaa hakitulii

Ikiwa sauti inapanda na kushuka taratibu bila koili kusogezwa, tafuta mambo mawili. La kwanza ni idadi ya mapigo kwa sekunde kuwa karibu na kizidishi cha masafa ya umeme wa nyumbani, ambayo ni 50 au 60 kwa sekunde kulingana na nchi. Mapigo 500 kwa sekunde ni kizidishi kamili cha 50, na tofauti ndogo kati ya masafa hayo mawili hutokea kama wimbi la polepole linaloyumbisha sauti. Badilisha idadi hiyo kwa asilimia chache, huku ukisikiliza mpaka upate mahali palipotulia zaidi.

La pili ni graundi, na hapa kuna jambo linalofichika. Wakati kipokezi kinasikiliza, koili haina mkondo, kwa hiyo wengi hudhani graundi ya transmita haiwezi tena kudhuru. Lakini ni wakati huohuo ambapo kapasita kubwa inajazwa tena na betri, na mkondo wa kuijaza hupita kwenye waya wa graundi. Ikiwa waya huo unatumika pia na amplifaya, milivolti chache zinazozaliwa humo huongezwa kwenye ishara ya mikrovolti. Peleka waya wa graundi wa transmita na wa kipokezi hadi kwenye betri kila mmoja peke yake, na uweke rezista ya omu chache kati ya betri na kapasita ya transmita ili kuijaza taratibu, sawasawa kutoka pigo moja hadi lingine.

Sauti inayobadilika kebo inapokunjwa, au koili inapoguswa na nyasi zenye unyevu, hutokana na kapasitansi inayoyumba, na kinga ya koili ndiyo dawa yake. Kinga hiyo isiwe ya karatasi nene ya alumini, kwa sababu koili itaiona kama metali na mkia utarefuka. Rangi yenye grafiti, iliyopakwa ikiacha mwanya ili isifanye mzunguko kamili, hufanya kazi hiyo bila kurefusha mkia.

Kila badiliko lipimwe peke yake kabla ya kuongeza jingine. Tengeneza pete ndogo ya waya mwembamba wa shaba, ncha zake zikiwa zimechomewa kwa risasi, uiweke mahali palepale juu ya koili, na usogeze wakati wa kuanza kusikiliza mapema hatua kwa hatua huku ukirekodi urefu wa ishara ya pete na kelele inayobaki pete ikiondolewa. Badiliko linalofaa ni lile linaloruhusu kuanza mapema zaidi huku ishara ya pete ikikua kuliko kelele. Ikiwa ishara na kelele zinakua kwa pamoja, umeongeza mkondo tu, na mkia wa koili bado haujafupishwa. Rudi kwenye rezista ya kutuliza.